Kaa Dirisha la Kulia: Ngome za Ziwa, kutoka Mawe ya Isamilo hadi Boma la Biharamulo

Nimeshuka basi Nyegezi jana usiku, vumbi la Biharamulo bado liko viatuni, na siwezi kulala kabla sijayaandika haya. Mimi ni mtu wa ngome. Nimezunguka Fort Jesus ya Mombasa mara nyingi hadi walinzi wakanizoea. Nimevuka maji kwenda Kilwa Kisiwani kwa ajili ya Gereza peke yake, nikarudi nyumbani, nikaenda tena. Nimepanda Lushoto nikajifunika mablanketi mawili kwenye baridi ya Usambara, mahali Wajerumani walipojijengea mji wa kukimbia joto la pwani wakauita Wilhelmstal. Lakini Ziwa sikuwahi kulijia kwa ajili hiyo. Mwanza nilipita mara mbili, moja harusini na moja msibani, na mara zote mbili yale mawe niliyatazama kupitia dirisha la gari. Safari hii nimekuja kwa ajili yake, siku tano nzima, na nasema waziwazi: kwa mtu anayependa kuta za zamani na vilima vyenye upepo, sijui safari nyingine nchini inayompa mengi kiasi hiki kwa nauli ya basi tu.

Nianze na Isamilo, maana kila kitu kinaanzia pale.

Bodaboda alinishusha kabla jua halijatoka, akanionyesha upenyo kati ya nyumba mbili. "Pandisha tu hapo, dada. Ukipotea uliza, watu wameamka." Kweli walikuwa wameamka. Njia inapita uani kwa watu, kando ya ndoo, kando ya jiko la mkaa linalofuka moshi, na unapopita unasalimia. Nyumba zimeegemea mawe kama mtoto anavyoegemea mgongo wa mama yake. Kuna chumba nilichokiona ambacho ukuta wake wa nyuma ni jabali lenyewe, limepakwa chokaa hadi pale mkono wa mpakaji ulipofika. Halafu nyumba zinaisha, mawe yanabaki. Mawe makubwa kuliko lori, yamepangwa moja juu ya jingine, na lile la juu limesimama kwenye ncha ndogo kama yai juu ya kisigino. Unashika jiwe kujivuta, na kiganja kinasikia chembe za itale zinazokwaruza, baridi ya usiku bado imo ndani yake.

Jua likatoka. Nilikuwa nimekaa kuvuta pumzi, na mita moja mbele yangu, kwenye jiwe lililoanza kupata joto, akajitokeza mjusi. Dume. Kichwa na mabega yake rangi ya waridi lililoiva, na kuanzia kiunoni hadi mkiani bluu, bluu kali ya kitenge kipya. Akasimama, akanyanyua kifua juu na chini, mara tatu, mara nne, kana kwamba ananiuliza nimekuja kufanya nini kwake. Wataalamu wa viumbe wamempa jina la mji huu, Agama mwanzae. Nimewaona wengi siku zilizofuata, na kila nilipomwona mmoja nilisimama.

Kisha nikageuka, na Ziwa likafunguka lote.

Sikilizeni. Uko zaidi ya mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maana hicho ndicho kimo cha maji yenyewe, na wewe uko juu ya maji. Hewa ni ya mlimani na inanukia samaki kwa wakati mmoja! Kulia kuna Kirumba na mitumbwi yake. Kule ng'ambo hospitali ya Bugando imekaa juu ya kilima chake. Kushoto Capri Point imejinyoosha majini, na Kisiwa cha Saanane kiko karibu tu, hifadhi ya taifa tangu 2013, kikibeba jina la mzee aliyekuwa akilima na kuvua hapo. Mbele, maji hadi macho yachoke: kilomita za mraba zipatazo 68,800, ingawa kutoka hapa unaona kipande kidogo tu, na kipande hicho kinatosha kukukata maneno.

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka kwenye vilima hivi. Isamilo ndicho kinachotajwa. Mwenzake Burton alikuwa amebaki Kazeh, Tabora ya leo, mgonjwa. Lakini Speke hakuwa peke yake, na hili nalisisitiza kwa sababu vibao vya watalii hulisahau. Alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi mtu huru, na ndiye aliyeongea kwa niaba ya msafara. Kila swali Speke alilouliza kuhusu maji haya lilipitia kinywani mwa Bombay. Speke alitazama siku chache tu, akaondoka na uhakika kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari: Nyanza, maji makubwa, na wengi wanasema hata neno Mwanza limetoka humo humo.

Nikiwa nashuka nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kivuli cha jiwe, anaponda kokoto. Nilimsalimia kwa Kisukuma kile kidogo nilichofundishwa na dereva: "Mwangaluka, mayu." Akacheka, akaitikia, akanisogezea kijiwe nikae. Angalieni mkono wake: mkono wa kushoto una pete ya mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, na jiwe linalopondwa linawekwa ndani ya pete hiyo ili vipande visiruke machoni na nyundo isikutane na vidole. Mkono wa kulia unanyanyua nyundo fupi, unashuka pale pale, kila mara. Nilimwuliza anajuaje mahali pa kupiga. "Jiwe lina mlango, mwanangu," akasema. "Ukigonga ukutani utachoka bure. Ukigonga mlangoni linafunguka lenyewe." Kisha akanionyesha: akaligeuza jiwe, akalitazama, akaligeuza tena, akagonga mara moja, likakatika vipande viwili vyenye nyuso tambarare zinazometameta. Nilikaa naye karibu saa nzima. Maneno yale niliyabeba hadi Biharamulo, na huko mtaona yalivyonisaidia.

Kwa maana hii ndiyo siri ya ngome za Ziwa, na mimi nimeielewa juu ya kilima hiki. Pwani, mtu alichimba matumbawe, akachoma chokaa, akainua ukuta kutoka mchangani. Ngome ni kazi ya mikono tangu msingi. Hapa ngome ilikuwapo tangu zamani. Mungu aliijenga, na watu waliokuja, wenyeji na wageni, walikuja kuweka paa tu.

Ukitaka ushahidi, shuka mjini ukapande kilima kinachoitwa Robert Koch, katikati kabisa ya jiji. Juu yake kuna jumba la Kijerumani linaloitwa Gunzert, kwa jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Mwanza hadi Vita ya Kwanza ya Dunia. Jumba ni kuukuu na linahitaji mkono wa fundi haraka, na nililitazama kwa nje tu, lakini lo, mahali lilipokaa! Simama mgongo ukiwa upande wa jumba, utazame chini: bandari, stesheni, soko, barabara zote zinazoingia mjini. Aliyekaa hapo aliona meli ikija saa nyingi kabla haijafunga gati. Hakuhitaji minara. Kilima kilikuwa mnara wake.

Na jina la kilima lina uzito wake. Robert Koch, yule mgunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Ziwa mwaka 1906 kuchunguza malale, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Kambi yake kubwa ilikuwa visiwa vya Sese. Alitibu maelfu kwa dawa ya arseniki iitwayo Atoxyl, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kwa dawa hiyo. Nilikaa kwenye ngazi nikiwaza wagonjwa wale waliotoka kisiwa hadi kisiwa kufuata uponyaji wakarudi gizani. Kilima kinabeba jina la daktari. Ningependa siku moja kibao kiwataje na wao.

Jiwe la Bismarck? Ndiyo, nimelipiga picha kama kila mtu. Linapendeza jioni, liko majini karibu na kivuko cha Kamanga, na dakika kumi zinalitosha. Zilizobaki zitumieni kula sato wa kukaanga kwa ugali wa udaga hapo hapo pembeni.

Siku ya pili nilikwenda Kageye, na kama mtu ana siku moja tu Mwanza, nitamshika mkono nimpeleke huko hata kabla ya Isamilo. Njiani nilipita Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, aliyoyaanzisha padri David Clement kutoka Kanada, mtu ambaye Wasukuma wenyewe walimpa jina la Fumbuka. Pana ngoma za watemi, viti vya enzi, vifaa vya wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, na jengo zima lililotengenezwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Ni pazuri, nendeni, ila mimi moyo ulikuwa umeshatangulia ufukoni.

Kageye ni kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Speke. Nyavu zimeanikwa, dagaa wametandazwa mchangani wakimeta kama sindano, watoto wanaogelea. Hakuna ukuta, hakuna mzinga. Lakini kwa miaka mingi hapa palikuwa lango. Misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka Tabora iliishia hapa, na kutoka hapa watu walipanda mitumbwi kwenda Ukerewe na Buganda. Tarehe 27 Februari 1875 Henry Morton Stanley aliingia kijijini hapa baada ya kutembea siku zaidi ya 100 kutoka Bagamoyo, akapokelewa na mtawala wa mahali, Kaduma. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua vipande vipande, mashua yenye urefu wa mita 12 hivi iliyoitwa Lady Alice. Mabegani! Kutoka pwani! Ikaunganishwa ufukoni hapa, na Machi ikasukumwa majini, ikalizunguka ziwa lote, ikarudi Mei. Alipoteremka, Stanley alipewa habari kwamba kijana wake Frederick Barker, aliyemwacha kambini, alikuwa amefariki Aprili na kuzikwa hapa hapa.

Nilisimama pale maji yanapolamba mchanga nikajaribu kuona ile mashua. Walioijenga upya ufukoni hapa, walioibeba, walioipiga makasia, walikuwa wanaume wa Unguja, wa Mrima, wa Unyamwezi. Wangapi walifia njiani kati ya Bagamoyo na hapa? Wengi mno, kwa njaa, kwa ndui, kwa mapigano, na majina yao machache sana yameandikwa. Mzee mmoja alinikuta nimesimama, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kisha akakaa kimya nami, tukatazama maji pamoja. Baadaye akanyoosha kidole kaskazini: "Ile ni Ukerewe." Nami nikakumbuka kwamba Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani kule katika ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Lakini nikakumbuka pia Aniceti Kitereza, aliyekaa kisiwa hicho hicho akaandika kwa Kikerewe kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza 1945, nacho kikasubiri zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuchapwa. Ghuba hii imeona mambo, wenzangu.

Sasa daraja. Nimejizuia tangu mwanzo.

Kwa miaka yote, mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda Geita, Biharamulo au Bukoba kwa barabara alifika Kigongo akasimama. Foleni. Kivuko. Wagonjwa ndani ya gari la hospitali wakisubiri kivuko kijae au kirudi. Mara nyingine saa mbili na zaidi zilipotea pale kabla hujagusa Busisi. Desemba 2019 jiwe la msingi likawekwa, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua Daraja la J.P. Magufuli: kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, njia mbili kila upande, gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Linatajwa kuwa refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati.

Basi letu lilitoka Nyegezi alfajiri. Tukakata kulia Usagara. Tukapita karibu na Bukumbi, ambako mapadri wa White Fathers walifungua misheni mwaka 1883, moja ya misheni kongwe kabisa za Kanda hii. Misalaba ilikuja Ziwa kabla ya bendera. Halafu barabara ikapanda kidogo, lami ikawa nyeusi na laini, na ghafla pande zote mbili hakuna ardhi. Abiria wote kimya. Kweli, basi zima! Mama aliyekaa mbele yangu alimpakata mjukuu akamsimamisha dirishani. Kebo za katikati zikaanza kupita, moja, moja, moja, zikishuka kutoka kwenye nguzo kama nyuzi za zeze, na chini maji ya kijivu yenye mtumbwi mmoja mdogo na mtu mmoja amesimama ndani yake anavuta nyavu. Nilitazama saa tulipoingia, nikatazama tulipotoka. Dakika nne. Mama yule akamwambia mjukuu, "Babu yako alikuwa akilala hapa." Hakusema zaidi, na hakuna aliyehitaji aseme zaidi.

Hii ndiyo habari kubwa kwa sisi wapenda ngome, na ndiyo maana nimekimbilia kuandika: Biharamulo sasa iko karibu. Asubuhi unakunywa chai Mwanza. Mchana, baada ya Sengerema, Geita yenye dhahabu yake na vumbi la Katoro, uko chini ya boma.

Neno lenyewe lilinikalia kichwani njia nzima. Boma lilikuwa ua wa miiba wa kulalia ng'ombe, au uzio wa magogo wa kuzuia adui. Wajerumani walipojenga ngome zao watu wakaziita maboma, kwa sababu waliona ni kitu kile kile: uzio, na ndani yake mwenye nguvu. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia, ofisi ya mkuu wa wilaya ikabaki bomani. Hadi leo katika miji mingi yetu mtu akiwa na shauri la serikali anasema anakwenda bomani. Kuna lugha chache duniani ambazo zizi la ng'ombe limekua hadi kuwa serikali bila kubadilisha jina.

Boma la Biharamulo liko juu ya kilima, mji uko chini yake. Lilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, limekarabatiwa, na limewahi kupokea wageni wa kulala. Nilipanda kwa miguu saa saba mchana, jua la utosi, na nilipofika kwenye ukuta sikusoma kibao wala sikutoa kamera. Niliweka kiganja ukutani. Baridi! Nje jua linachoma, na ukuta una baridi ya chungu cha maji. Huo ni unene. Maboma mengi ya Kijerumani yalifuata wazo moja: kuta nene zinazozunguka ua, lango moja, mahali pa juu penye kuona mbali, maji yasiwe mbali. Joto la mchana linaingia ukutani polepole, na kabla halijafika ndani usiku umeingia na kulirudisha nje.

Kisha nikafanya alivyonifundisha mama wa kokoto. Nikayatazama mawe. Ukutani, mahali lipu imebanduka, jiwe linaonekana, na ukilitazama unauona uso tambarare ule ule: jiwe lililogongwa mlangoni. Kulikuwa na fundi hapa. Mtu wa nchi hii, aliyejua jiwe linafunguka wapi, ndiye aliyelipasua na kuliweka, na jina la boma likachukuliwa na Mjerumani aliyekaa kivulini akiangalia. Nilisikia furaha na uchungu vimeshikana. Kwa maana wengi waliobeba mawe haya hawakuuliza ujira. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mgongo. Na aliyechelewa alijua hesabu ambayo wazee wetu hawakuisahau: hamsa ishirini, viboko 25 vya ngozi ya kiboko. Ua ule mzuri, wenye kivuli na upepo, ambapo leo ningeweza kukaa siku nzima na kitabu, ndimo hesabu ile ilimosomwa. Nimezunguka ua huo taratibu, mara mbili, bila kuzungumza. Nawaomba mtakaokwenda mfanye hivyo.

Na kabla ya boma kulikuwa na watawala wenye nguvu zao hapa. Nchi hii wasafiri waliiita Usui, na mwaka 1861 mtawala wake Suwarora alimkwamisha Speke yule yule, akamtoza hongo ya nyaya na vitambaa hadi Speke akalia kwenye maandishi yake. Hakuwa na ukuta wa mawe hata mmoja. Alikuwa na njia, na njia ilikuwa yake.

Mwonekano kutoka bomani jioni ni wa kukaa nao. Pori linakwenda hadi Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019. Moshi wa majiko unapanda kutoka mjini ukiwa umenyooka, halafu upepo wa kilimani unaukata wote kwa pamoja katika kimo kimoja, kama umepigwa rula. Nilishuka giza likiingia, nikalala gesti ya mjini, nikaamka saa kumi kwa sababu sikutaka siku ile iishe.

Bukoba nilifika kesho yake kupitia Muleba, migomba ikiwa imejaa pande zote, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu Bukoba inastahili makala yake. Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa Eduard Schnitzer, alianzisha kituo hapo Novemba 1890. Ngome ya kweli ya Bukoba, kwa macho yangu, ni ukuta wa majabali nyuma na kaskazini mwa mji. Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakashushwa chini ya majabali hayo, wakapanda gizani hadi juu, na ndipo mji ukaanguka, mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani ukalipuliwa. Kati ya waliopanda alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mwenye miaka 63! Mwaka mmoja baadaye, Julai 1916, ikawa zamu ya Mwanza. Nimetembea chini ya majabali yale asubuhi, nikatazama juu, nikashika kichwa. Mjini bado lipo jengo la Duka Kubwa la zama za Wajerumani, ingawa tetemeko la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliutikisa mji huu na kuua watu. Nunueni kahawa ya kutafuna pale sokoni. Nimerudi na mfuko mzima.

Ikoma nimeibakiza. Ile ngome ya 1905 kule upande wa Serengeti, ambako Juni 1917 kikosi cha Kijerumani cha Naumann kiliwarudisha nyuma Wabelgiji waliokuja kuizingira, inahitaji gari imara na siku zake, na nimeshaanza kuweka fedha kwenye bahasha. Nitakwenda kiangazi, kupitia Bunda.

Kwa anayeanza kesho: vaeni viatu vyenye soli ya kushika, maana itale yenye umande inateleza, bebeni maji, Isamilo mpande kabla ya saa moja asubuhi, na msisahau kusalimia mnapopita uani kwa watu. Mabasi ya Geita na Bukoba yanatoka Nyegezi. Mkikata tiketi, ombeni dirisha la kulia. Daraja linavuka kuelekea magharibi, na upande huo wa kulia ndiko ghuba inakofunguka hadi ziwa kubwa.